Kata utangulizi, usikate gitaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Tanga. Napiga gitaa kanisani, na Ijumaa na Jumamosi napiga na wenzangu kwenye hoteli moja ya ufukweni. Nimetunga wimbo wangu wa kwanza nikaupeleka studio. Unaanza na gitaa kama sekunde 40 kabla sijaimba. Prodyuza akasikiliza, akaniambia: "Gitaa haliuzi. Litoe, tuweke biti ya amapiano, halafu utafute kiki." Nilipomsimulia baba akasema wanamuziki wa zamani walipiga kwa mapenzi, sisi wa leo tunapiga kwa pesa. Je, ni kweli? Nikikubali, nitakuwa nimeuuza muziki wangu? Na rafiki zangu wananishauri niuze gitaa ninunue kompyuta. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na maneno ya baba yako, kwa heshima zote, maana naona hayo ndiyo yaliyokuchoma kuliko ya prodyuza. Wazee wetu hawakupiga kwa mapenzi tu. Nimepiga gitaa la rithim kwenye bendi za dansi kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki hata usiku mmoja ambao hakuna mwenzetu aliyechungulia ukumbini kuona viti vimejaa kiasi gani. Mapenzi yalikuwepo, kodi ya chumba nayo ilikuwepo, na nyimbo anazozikumbuka baba yako zilitoka humo humo.

Mchukue Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu akitembea na kuvinadi, hata watu wakaijua sauti kabla ya kumjua mwenyewe. Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimsafirisha na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi. Kampuni ile ilikuwa inatafuta soko: mwenye gramafoni Unguja au Mombasa alihitaji sahani za lugha anayoielewa, wakati taarab ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Ni hesabu ya duka hiyo, lakini ndiyo iliyotuachia taarab ya Kiswahili kwenye santuri. Na santuri ile ilikuwa na sharti gumu: upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Wimbo ambao barazani ungekwenda robo saa, watu wakitunza na mwimbaji akirudia ubeti uliowagusa, ilibidi ukatwe. Kwamba ukatwe, aliamua mfanyabiashara. Ukatwe wapi, waliamua Siti na wenzake. Shika hilo, nitalirudia nikifika kwenye sekunde zako 40.

Kuna na Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, na kipande kiitwacho Masanga kikazunguka Afrika nzima. Kama hujawahi kukisikiliza, acha kusoma, kakisikilize, kisha urudi. Kidole gumba kinashika mwendo wake, cha shahada kinakwenda na mwendo mwingine, na wewe unaapa kwamba kuna magitaa mawili. Basi huyo, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao, mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa Nairobi kwa miezi kadhaa akipiga gitaa kwenye matangazo ya Aspro, dawa ya kichwa. Tangazo la vidonge! Na wapiga gitaa wengi wa Kenya wa rika lile walijifunza kwa kumsikiliza yeye redioni. Franco wa Kongo naye, mwaka 1973, aliimba wimbo wa Azda kulitangaza kampuni lililouza magari ya Volkswagen kule Kinshasa. Kiitikio chenyewe ni jina la gari, "ve-we, ve-we". Ni tangazo tangu mwanzo hadi mwisho, na bado magitaa ya bendi yake, T.P.O.K. Jazz, mle ndani yanapokezana kwa namna ambayo mimi, baada ya miaka yote hii, bado nasimamisha kazi ninayofanya nikiyasikia. Hapa kwetu kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianzisha bendi mwaka 1970 ili kutangaza khanga na vitenge vyake.

Kwa hiyo pesa si mgeni aliyeingia juzi. Ila usinielewe vibaya, baba yako anasikia kitu, na anachokisikia kipo. Amekikosea jina tu. Kilichobadilika ni kile ambacho pesa inanunua.

Pesa ya wakati wetu ilinunua saa. Mwenye ukumbi, au mwenye vyombo, alikulipa ili ukae jukwaani kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, watu wacheze, wanywe, warudi wiki ijayo. Sisi tulipiga siku nne kwa wiki, kwa muda wa saa tano kila usiku. Piga hesabu: kwa mwaka ni kama saa elfu moja mbele ya watu, mbali na mazoezi ya mchana. Hakuna shule itakayokupa hiyo. Vipaji vya mwaka wa kwanza vilikuwa vya kawaida kabisa, niamini. Nimewaona waimbaji ambao leo mnawaita magwiji wakitetemeka na kusahau mistari. Kilichowatengeneza ni kwamba kesho yake walipanda tena, na kesho kutwa, na ukumbi ukawafundisha bila huruma. Ukirefusha pale pasipostahili, watu wanarudi kukaa. Ukiingia kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, mapema mno, wanachoka kabla ya kuchangamka. Mpiga rithim ambaye mkono wake unalegea baada ya kupiga kwa muda wa saa tatu anaonekana, kwa sababu miguu ya wachezaji inamwambia kabla kiongozi wa bendi hajamgeukia.

Na ndani ya bendi mlikuwa na walimu. Fikiria Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Mle alikuwemo Michael Enoch, aliyepiga muziki Dar es Salaam tangu enzi za Dar es Salaam Jazz, mtu wa gitaa na wa saksafoni, aliyejua kumpangia kila mmoja pa kuingia na pa kunyamaza. Kijana aliyekaa karibu na mtu kama huyo miaka mitatu alitoka na elimu kamili, na alilipwa akiwa anaipata. Wimbo mpya ulipigwa ukumbini kwanza, ukasuguliwa, ubeti uliolala ukaondolewa, ndipo ukapelekwa Radio Tanzania kurekodiwa. Na kule studio mlirekodi wote kwa pamoja, chumba kimoja, mara moja. Akikosea mmoja, mnarudia wote. Ndiyo maana nyimbo zile zina ule mshikamano ambao watu wanauita "moyo". Moyo upo, lakini chini yake kuna saa nyingi za kazi.

Wapo watakaokuambia tiba ni kuiondoa biashara kabisa. Sisi Tanzania tulikaribia kujaribu, na nisingependa uisikie nusu yake tu. Tangu NUTA Jazz ya mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama na taasisi za umma: Polisi, Magereza, JKT, Vijana. Mwanamuziki alikuwa na mshahara. Hilo ni jema kubwa, na ndilo lililotupa zile saa elfu. Lakini vyombo havikuwa vyako, ukiondoka unaondoka na mikono mitupu. Maneno ya wimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Kiwanda cha kutoa santuri hapa nchini hakikuwepo, redio ya Bara ilikuwa moja hadi miaka ya 1990 stesheni binafsi zilipoanza, na wimbo ungeweza kupigwa hewani miaka mingi mtunzi asione mirabaha ya maana. Aliyetaka santuri alivuka mpaka kwenda Nairobi, kama Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari kule Mombasa mwaka 1979 akiwa na miaka 34 tu. Mbaraka alikwenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe, na sijamsikia mtu akimwita mwanamuziki bandia.

Sasa tuje leo. Simu inanunua nini? Inanunua watazamaji, na watazamaji wanahesabiwa kwa sekunde. Kwenye Spotify wimbo hauhesabiwi kuwa umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30, na tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi kumi na miwili haulipwi kitu. Prodyuza wako anaijua hesabu hiyo. Hakukutukana. Anachokuambia, kwa lugha yake fupi, ni kwamba mtu mwenye kidole juu ya kioo cha simu hatasubiri sekunde 40 kusikia sauti yako. Hapo ana haki, na mimi namuunga mkono.

Alipokosea ni kwenye dawa. Kutoka "utangulizi ni mrefu" hadi "gitaa haliuzi" kuna safari ndefu, na yeye ameiruka. Rudi kwa Siti: sokoni wamekuambia ukate, basi kaa na gitaa lako uamue unakata wapi. Sekunde 40 maana yake kuna wazo moja umelirudia mara tano au sita. Chagua mzunguko ulio bora, mmoja, sekunde saba au nane, uingie kuimba. Halafu lile gitaa ulilolitoa mbele lirudishe kati ya mistari, likujibu unapovuta pumzi. Uliobaki uutunze kwa ajili ya jukwaani, kule unaweza kupiga dakika tano kabla ya kuimba na hakuna atakayekuzuia. Santuri ndogo za Nairobi zilifanyiwa hivyo hivyo: wimbo uligawanywa pande mbili, upande wa kwanza mashairi, upande wa pili magitaa yanachemka, na watu wakawa wananunua kwa ajili ya upande wa pili! Kizuizi cha duka kikageuka umbo la wimbo.

Kuhusu amapiano sina ugomvi, na nadhani baba yako naye asingekuwa nao akikumbuka vizuri. Bendi za kwanza za dansi hapa kwetu zilijifunza kwa kuiga santuri za Kicuba, zile zilizoandikwa GV, hata Kihispania chao wakakiimba bila kukijua. Kisha tukawaiga Wakongo. Kila bendi ilianza usiku kwa kopi. Kuiga ni darasa. Tatizo ni kubaki darasani. Wacuba wale waliingia kwenye mikono ya watu wa Dar, Tanga na Morogoro, na baada ya miaka kumi na tano kilichotoka hakikuwa cha Cuba tena. Kwa hiyo ukiweka mdundo wa Afrika Kusini, jiulize gitaa lako linaufanya nini ule mdundo. Likikaa juu yake kama pambo, afadhali uliache. Likiusukuma, likapita kati ya ile ngoma nzito kwa namna ambayo mtu wa Tanga tu angeweza kuipata, basi una kitu mkononi. Jaribu. Kaa na biti yake usiku mzima kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Nisisitize pia kwamba kompyuta haina dhambi. Wazee wenzangu wanakosea sana hapa, na inaniuma. Wanasikia singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar, na kusema hakuna muziki mle. Mimi nimekwenda kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, vya Manzese na Tandale, nikasimama pembeni hadi usiku wa manane. Biti zimetoka kompyutani, nyingine zimezaliwa kwenye vinanda vya taarab vikakimbizwa mara mbili ya mwendo wake, hakuna gitaa wala tumba. Lakini yule kijana mwenye maiki anaimba na kughani kwa saa nzima bila kupumzika, anawataja watu waliopo, anaona kona iliyopoa na kwenda kuichochea, anabadilisha mstari papo hapo kwa sababu mama mmoja amecheka. Hiyo ni kazi ile ile tuliyoifanya sisi ukumbini. Anazo saa zake. Kwa masikio yangu huyo ni ndugu wa waimbaji wa bendi ya dansi ya Msondo kuliko msanii mwenye bendi ya watu kumi nyuma yake wanaoshika vyombo visivyounganishwa, huku yeye akifumba na kufumbua mdomo juu ya sauti iliyorekodiwa. Ukitaka kipimo cha kumtambua mwanamuziki, sahau chombo anachotumia. Uliza umeme ukikatika, au biti ikigoma, anabaki na nini.

Kwenye kiki ndipo ninapokataa kabisa. Sikiliza vizuri: kiki inauza mtu, haiuzi wimbo. Ukigombana hadharani na mwenzio, au ukijitungia mapenzi ya uongo, watakuja watu wengi kweli, na watakuja kuona ugomvi. Ugomvi ukiisha wanaondoka nao, na wewe unatakiwa utafute mwingine. Nimeona vijana wenye sauti nzuri wakifikia mahali wanatumia siku zao zote kutunga visa, na wimbo unakuwa kama risiti tu ya kisa. Saa zao zimeliwa. Watu wazijue nyimbo zako kwa kukusikia ukizipiga. Jipige video hapo hotelini, gitaa na sauti, dakika moja, weka mtandaoni kila wiki. Hiyo nayo ni biashara, na inakuacha ukiwa fundi zaidi kila wiki inayopita.

Umeitaja hoteli, na nahisi umeitaja kwa aibu kidogo. Usione aibu. Muziki wa pwani unadaiwa mengi na hoteli. Them Mushrooms walikuwa bendi ya hotelini Mombasa, na mwaka 1982 wakatoa Jambo Bwana, wimbo wa Teddy Kalanda Harrison, uliowafundisha watalii salamu yetu hadi Boney M wa Ujerumani wakaurekodi. Kwa maoni yangu si kazi yao bora. Ukitaka kuwajua wale watu wasikilize kwenye chakacha. Lakini angalia kilichonunuliwa: mtalii alinunua salamu, akaondoka nayo kama alivyoondoka na kinyago. Hakuuliza chochote kuhusu vidole vya mpiga gitaa. Wale jamaa waliokoka kwa sababu hawakuishia kwenye salamu.

Mimi mwenyewe nilipiga kwenye hoteli moja kwa miaka mitano. Orodha ilikuwa ile ile kila usiku, na Malaika ilipigwa mara mbili, kabla na baada ya chakula. Mwaka wa pili nilianza kuuchukia mkono wangu. Aliyetuokoa ni kiongozi wetu wa bendi, mtu mpole sana, aliyemwendea meneja na kumwomba kitu kimoja kisichomgharimu hata senti: nusu saa ya mwisho, baada ya saa nne, wageni wengi wakishakwenda kulala, tupige tunachotaka. Meneja akakubali. Nusu saa hiyo ndiyo iliyozaa nyimbo zote nilizowahi kuzitunga. Kwanza walibaki wahudumu na mlinzi, baadaye wakaanza kuja watu wa mtaani, na kufikia mwaka wa nne nusu saa ikawa inaingiza vinywaji kuliko chakula cha jioni. Nenda kaombe nusu saa hiyo wiki hii. Usiombe nyongeza ya pesa kwanza, omba nusu saa.

Jambo jingine hukuniuliza, lakini nitalisema kwa sababu hapo ndipo watu wanapouuza muziki wao kweli, tena bila kujua. Kabla hujarekodi, kubalianeni kwa maandishi wewe na prodyuza. Kuna mali mbili tofauti: wimbo wenyewe, yaani sauti ya tuni na maneno, ambao ni wako uliyeutunga, na rekodi, yaani ile sauti iliyohifadhiwa studio, ambayo mara nyingi anayegharamia ndiye anayeidai. Kama yeye ametengeneza biti, anastahili sehemu yake, mpe bila kinyongo, ila iandikwe ni asilimia ngapi na ya mali ipi. Sajilini wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usisaini karatasi inayosema "kazi zote" wala "milele" kabla mtu anayeelewa sheria hajaisoma. Malaika ninayoisema, ambayo dunia nzima inaiimba, hadi leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeitunga. Siku ile karatasi moja ingetosha.

Kwa hiyo swali lako, kama utakuwa umeuuza muziki wako. Ukikata utangulizi, hapana. Ukiweka mdundo wa kigeni na kupambana nao mpaka ukae mkononi mwako, hapana. Ukikubali mpango ambao mwaka mzima hautashika gitaa mbele ya watu, kwa sababu wimbo wako hauna gitaa na shoo zako ni za kufumbua mdomo, basi ndiyo, na sijui bei gani ingefaa.

Gitaa usiuze. Kompyuta utaipata: azima ya rafiki usiku, au zungumza na prodyuza umpigie magitaa kwenye kazi za watu wengine naye akupe saa za kujifunza mashine yake. Prodyuza anayesema gitaa halina soko mara nyingi hajawahi kuwa na mpiga gitaa wa kweli pembeni yake, ana sauti za gitaa za kununua tu. Nenda na lako. Kabla ya kwenda badilisha nyuzi, maana kwenye ile sauti uliyonitumia uzi wa pili umechoka na unashuka kila ukiingia kwenye kiitikio. Na kidole gumba chako kinaharakisha. Kipige na saa ya ukutani, taratibu, wiki mbili, halafu unitumie tena.